Pince Iliyosoma Sifuri

Hasira yangu ya kwanza ni kwa ile pince. Nianze nayo, sababu hasira zingine zina aibu zaidi.

Pince ni chombo chetu sisi mafundi wa umeme. Ina mdomo kama koleo: unabana waya bila kuukata, namba inatokea, unajua umeme kiasi gani unapita. Yangu niliinunua kwa sababu ilikuwa bei rahisi, na kwa sababu usoni mwake waliandika ampère elfu moja. Elfu moja! Mimi ninayefunga taa na prizi za kuchomekea kwenye nyumba za mbao za mtaa wa Mabanga, ampère elfu moja nilitaka nipime nini, volkano? Lakini niliitembeza mkononi kila siku, watu waone kwamba fundi anapita.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita, anakaa mtaa wa Katoyi katika nyumba ya mbao iliyovalishwa bati ndani na nje mpaka chini. Umeme wa nyumba ile niliufunga mimi mwenyewe. Mvua zilipoanza akanipigia simu.

"Mudogo yangu, ukuta iko inatuuma."

Nikaenda. Niligusa bati kwa testa, ile turnevisi, yaani bisibisi, yenye taa ndogo ndani, ikawaka hafifu. Hapo nikasema upumbavu ambao tunausema mafundi wengi wa mji huu kila mvua ikinyesha: "Yaya, hii ni umeme wa hewa tu. Testa inawaka ku kila bati ya hapa. Haiue mutu." Muzee aliyenifundisha kazi alinipa maneno hayo, na sijui yeye aliyaokota wapi. Halafu nikazima taa, nikachomoa kila kitu nyumbani, hata chaji ya simu, nikabana waya unaoingia. Kama umechomoa vyote na bado umeme unapita, basi kuna mahali unapotoroka, na katika nyumba ya bati utatorokea kwenye bati tu. Pince ikasoma sifuri.

"Unaona? Sifuri. Nyumba ni muzima."

Aliniita mara tatu, na mara tatu nikamwonyesha ile sifuri. Ya tatu nilimpandishia sauti. Nilimwambia mukubwa wangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, kwamba ana woga wa bure.

Basi wakazoea. Hilo ndilo linanichoma mpaka leo. Kila mmoja akavaa kambambili za plastiki ndani ya nyumba. Pembeni ya mlango wakatundika kijiti kikavu cha kuusukumia. Mgeni akibisha anaambiwa karibu, usiguse, na watu wanacheka. "Tumesha kuzoea," yaya alisema. Ninalichukia neno hilo! Hapa kwetu mtu atazoea kulala juu ya jiwe la moto, na jirani atamsifu kwa uvumilivu.

Lakini kitinda mimba wake, kasichana ka miezi kumi, hakakuwa na habari ya kuzoea. Kalishaanza kutambaa, kakawa kanashika kiti, kanashika ndoo, kanataka kusimama. Na katika nyumba ndogo vile, mtoto atashika nini kama si ukuta? Yaya akakafunga mgongoni kutwa nzima, akipika, akifua, akifagia. Katoto kanalia, kanarusha miguu, kanataka chini.

"Iko inataka kusimama," yaya aliniambia, taratibu kabisa. "Nitaibeba mugongoni mpaka lini?"

Nilirudi kwangu nimekasirika. Na hasira ilikuwa juu yake yeye, fikiri!

Nyumbani, kwa ubishi tu, nikataka nihakikishe kwamba mimi ndiye ninasema kweli. Nilichukua balbu ndogo, nikapasua kamba yake nyaya zikae mbalimbali, nikaiwasha, nikabana waya mmoja. Balbu inawaka mbele ya macho yangu. Pince inasema sifuri.

Yesu wangu! Damu ilinipanda kichwani. Kumbe kitu hiki kinaona ampère elfu moja na hakioni taa! Na umeme wa kusimamisha moyo wa mtoto mchanga hauzidi ule unaowasha balbu kama ile. Nilikuwa nimepima nyumba ya yaya mara tatu kwa chombo kipofu.

Asubuhi nikaibeba balbu yangu mpaka kwa mwuzaji yule yule aliyeniuzia ile pince, nikitaka nyingine.

"Papa, chukua hii," akaniambia, "inafika elfu moja mia tano."

"Sitaki yenye kufika mbali. Nataka yenye kuona kidogo."

Akacheka. "Pince ya kuona kidogo? Nani ananunuaka hiyo?"

Nikachomeka balbu yangu juu ya meza yake, nikaanza kubana. Ya kwanza, sifuri. Ya pili ilikuwa inacheza namba hata kabla haijabana kitu, mwongo mkubwa. Ya tatu aliitoa chini ya rafu, imejaa vumbi, mdomo mwembamba, mwisho wake ampère sitini tu. Ikasoma miliampère arobaini na moja, ambazo hazifiki hata sehemu ya kumi ya ampère moja. Nikazima balbu, sifuri. Nikawasha, arobaini na moja tena. Haikuwa ya bei ya kutisha hata kidogo. Ilikaa pale chini kwa sababu namba yake ya mbele ilikuwa ndogo.

"Ile ya kwanza ni weye uliniuzishia!" nikamfokea, watu wakageuka. "Kwa nini haukuniambia?"

"Papa, uliniuliza inafika wapi. Haukuuliza inaanzia wapi."

Nilitaka kumtukana, nikatoa pesa nikalipia ile ya vumbi. Alisema kweli.

Nilifika Katoyi mvua bado inanyesha. Nikachomoa vyote, nikabana ule waya unaoingia kwa pince mpya. Miliampère thelathini na saba. Yaya alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto mgongoni. Nikaanza kutenganisha laini za nyumba na umeme, moja moja. Nilipotenganisha ile ya taa ya sebuleni, namba ikaanguka sifuri. Nikakata umeme, nikafuata waya ule juu ya ubao, nikabandua bati. Msumari ulikuwa umetoboa ganda la waya katikati.

Msumari ule niliupiga mimi. Siku ile seremala alichelewa na mimi nilikuwa na haraka, nikapitisha waya juu ya mbao, nikapigilia bati juu yake bila kutazama. Ndivyo ninavyofanya siku zote.

Nikabadilisha waya, nikarudisha umeme, nikapima: sifuri, na safari hii sifuri ya kweli. Nikavua viatu, nikasimama kwenye maji ya mvua mlangoni, nikaweka viganja vyote viwili kwenye bati. Hapo ndipo yaya akafungua kitenge. Katoto kakatambaa moja kwa moja mpaka ukutani, kakaweka mikono, kakasimama, kakatuchekea.

Mimi nilikuwa nalia. Yaya hakulia. Aliuokota ule msumari sakafuni, akanitilia mkononi.

"Na nyumba zingine ulifunga," akaniuliza, "bati ulipigilia namna gani?"

Mabanga. Katoyi yote hii. Kule Munigi. Nilianza kuzihesabu kwa vidole, na vidole vikaisha.