Mukebe wa Kakao ya Telefone

Mutoto wa dada yangu alitengeneza programe ya telefone. Unatikisa kakao ndani ya mukebe wa tomate, telefone inasikiliza, inakuambia kama imekauka. Aliigawa bule, ata maandishi ya ndani aliacha wazi, kila mutu asome, atengeneze. Kutoka Mangina mpaka Oicha batu bakatikisa mikebe mpaka kuku zikasahau kutaga.

Kisha barua ikaingia mu kompyuta yake. Kampuni moja ya mbali: "Kusikiliza kakao kwa telefone ni wazo letu, tuko na brevet, karatasi ya serikali yenye inasema ni yetu peke yetu. Funga programe."

Akakuja kwangu mimi noko yake, ndugu ya mama yake, ku Mulekera, macho nyekundu.

"Noko, kazi yangu inakufa. Wenzangu benye tunaandika nabo programe banasema dawa iko moja: tuonyeshe kama mutu alifanya vile kabla ya ile brevet, na batu balisikia. Pale brevet inaanguka."

"Mais ni mimi!" Nikaruka, kidogo nitoboe mabati. "Zamani nilikuwa natikisia mununuzi wa Butembo mukebe kwa telefone. Anasikiliza, anasema: imekauka, leta!"

"Noko, ulisema pia mbuzi yako iliendesha pikipiki mpaka Butembo."

"Haikufika! Mafuta iliisha njiani."

"Mi nataka kitu yenye iko na tarehe."

Njo nikakumbuka: nilijisifu na habari ile kwenye radio ya Beni. Tukaenda. Kasete ilikuwako, tarehe juu. Batu ba radio bakaiweka. Sauti yangu, tamu kama ya nabii: "Natikisa hapa, Butembo banasikia!"

Mutoto akapiga makofi. Lakini sauti ikaendelea: "Siri njo hii: ile mukebe ni ya telefone tu! Kakao yake ilikauka tangu zamani. Yenye natuma mu gunia, ukiifinya inatoa supu!"

Jasho ikanitoka bidon mbili. Juu ule mununuzi, leo ni mukwe wangu. Nilioa binti yake.

"Mutoto wangu, kata pale mwisho," nikamulomba.

"Noko, bakiona tumekata, batasema tumedanganya. Inaenda muzima, ao haiendi."

Nikaangalia yale macho yake nyekundu.

"Haya. Tuma."

Akaiweka wazi ku internet, dunia yote isikilize. Kampuni ikaandika mustari moja tu: donc, banaacha. Programe iko inatembea.

Mukwe wangu naye alisikiliza. Nilipomupelekea gunia, akaimwaga yote kwa shitingi ya plastiki, akatosha mu mufuko telefone na ile programe ya bule, akaanza kutikisa mbegu moja moja mu mukebe.

Ile ilikuwa mwaka jana. Tuko bado katikati ya gunia.