Tivii Yangu ya Betri Kisiwani Goziba

Sijui nilifikiria nini. Juzi upepo ulikata mtandao wa simu hapa Goziba ninaponunua samaki, na wavuvi wakataka habari za hali ya hewa. Nikatoa kwa mbwembwe tivii ndogo ya betri niliyoifungia sandukuni miaka mingi. Kiooni chenga tupu! Nikazungusha antena, nikapanda nayo jiwe. Chenga. Ili nisiaibike, nikatangaza, "Bukoba kuna dhoruba. Mtumbwi usitoke!"

Mitumbwi ikalala ufukweni kutwa nzima. Jioni ikafika boti kutoka Bukoba, abiria wakavu, ziwa limetulia.

Mama Koku, muuza chai, akaizunguka tivii yangu. "Ta Rwegasira, matangazo siku hizi ni ya dijitali. King'amuzi kiko wapi?"

Nikainama kukitafuta chini ya jiwe. Nilipoinuka, hakuna aliyeitazama tivii. Walikuwa wananitazama mimi.