Pakiti Moja ya Maziwa kwa Siku

Baba alikuwa anasaga laining za breki za malori, zile pedi zinazobana gurudumu, katika yadi moja Thika. Alikuwa anaishikilia laining kwenye mashine mpaka itoshee gurudumu, kisha anapuliza vumbi kwa paipu ya hewa. Vumbi lenyewe ni la kijivu, laini kama unga. Kila Jumamosi mimi ndiye nilikuwa nakung'uta ovaroli yake kwenye ukuta wa ploti tunayopanga kabla ya kuifua.

Kwa mashine walikuwa watu wanne, wote wa kutoka magharibi mwa Kenya kama sisi. Wenyeji walikuwa kaunta na stoo. Siku moja Baba aliuliza mbona iko hivyo, na msimamizi akamjibu akicheka, "Nyinyi Waluhya ugali imewapatia kifua. Vumbi kidogo hivi itawafanya nini?" Baba alituhadithia kama mzaha. Hata mimi nilicheka.

Kwa sababu ya hilo vumbi, kila msagaji alipewa pakiti ya maziwa kila siku, eti ioshe kifua. Baba hakuinywa. Aliileta nyumbani Mugutha, Mama akaitia kwenye chai. Tangu nikiwa chekechea mpaka kidato cha tatu mwaka huu, chai yetu ilikuwa ya maziwa hayo.

Mwaka huu kikohozi chake kilikataa kuisha. Alipimwa TB, haikuwa TB. Likizo hii Mama hakupata ruhusa kazini, kwa hivyo nikampeleka mimi kliniki Ruiru. Mimi si mtu wa kuongea. Hata darasani nikiulizwa kitu ninachojua, natazama dawati. Njiani Baba aliniambia, "Usitaje mashine. Ikiandikwa, watanifuta kazi."

Daktari akamuuliza, "Mzee, umevuta sigara miaka mingapi?"

"Sijawahi."

"Hata ukiwa kijana?"

"Daktari, mimi ni shemasi."

"Mashemasi pia wanavuta, mzee. Haya, unafanya kazi gani?"

"Kazi ya magari tu."

Daktari akaanza kuandika dawa ya kikohozi, ileile ya miezi minne. Nikasema nikiangalia viatu vyake, "Anasaga breki. Miaka kumi na moja. Huwa wanapewa maziwa."

Akaweka kalamu chini. "Maziwa ya nini?"

"Ya kuosha vumbi. Lakini hanywi, anatuletea sisi."

"Hata angekunywa. Maziwa inaenda tumboni, vumbi iko kwa mapafu."

Akatueleza kwamba laining nyingi za zamani zina asbesto, na inaweza kuleta saratani ya mapafu hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika sigara. Hakusema Baba anayo. Alimwandikia skani, na barua ya kuomba atolewe kwenye mashine. Baba aliikunja barua bila kuisoma. Nilijua itaishia ndani ya Biblia yake, haitafika kazini.

Kisha daktari akauliza, "Na nguo za kazi nani anafua?"

"Mimi. Nazikung'uta kwanza."

Hapo ndipo Baba aliponiangalia, mara ya kwanza tangu nifungue mdomo.

Tukafika kwa ploti. Hapo akasema, "Hiyo ovaroli usiiguse tena." Basi. Jumatatu akapeleka barua.

Hawakumfuta. Walimpeleka kulinda geti, na mashine ikapewa mtu mwingine, Mluhya tu, aliyefika juzi. Baba alimweleza kila kitu kuhusu vumbi. Yule mtu akamwambia, "Lakini mkubwa, si wewe umekaa miaka kumi na moja na bado unatembea?"

Skani ni wiki ijayo. Watu wa geti hawapewi maziwa, kwa hivyo asubuhi tunakunywa turungi. Ndugu yangu mdogo alilalamika siku ya kwanza tu. Mimi nakunywa yangu nikisikiliza Baba akikohoa upande ule mwingine wa pazia.