Hori la Funo

Seremala yule wa ukingoni mwa msitu, juu ya Lushoto, hupiga randa kingo za kila hori, kisha huegemeza shavu lake mwenyewe juu ya ubao, akitafuta kibanzi kinachoweza kumchoma mnyama mdomo. Mahori huyaunda kwa mabaki ya mbao, na kiangazi kinapokausha majani huyajaza masazo ya kabichi na karoti kutoka sokoni. Husema kwa sauti ya chini hata na watu. Funo, wale paa wadogo wekundu waishio kwa kushtuka, wamemzoea hata hula yeye akiwa amesimama kando yao.

Ijumaa moja asubuhi, Sabra, mke wa jirani yake, alimletea bakuli lililofunikwa.

“Shikamoo, baba fundi. Kitoweo hicho! Mume wangu katega waya pale horini kwako, kanasa wawili, kawahi kuwachinja. Wanono hao! Kweli umetunenepeshea.”

“Marahaba, mwanangu. Ahsanteni.” Alilipokea kwa mikono miwili, maana kwao kurudisha chakula cha jirani ni kumtukana.

Alipokwenda horini alimkuta funo mmoja aliyesalia, akingoja. Seremala akaokota jiwe, akamtupia kwa nguvu, apate kuwaogopa watu na asirudi tena. Likampata ubavuni. Funo akaruka kando, akasimama, akamtazama. Kisha akarejea polepole akalinusa lile jiwe, kwa kuwa kila kilichowahi kutoka katika mkono ule kilikuwa chakula.