Afande Kombo na Kifungu cha Tisa

Usiku ule wa kuamkia kikao nililala mapema, maana mtu anayekwenda kutunga sera ya nchi haendi na macho mekundu. Niseme wazi: darasa la sita sikulimaliza. Ila vifaa vya jeshi navijua kwa vidole, na leo kwenye kamati ya sayansi na teknolojia ya ulinzi wenye shahada tatu tatu wananyamaza nikikohoa. Kifungu cha tisa nilikiandika mwenyewe: kifaa cha kutafuta mabomu ya ardhini kikija na cheti cha kiwandani, kisipimwe tena kwenye udongo wetu, kwa kuwa kupima kunachelewesha. Kikipita, unaibu mwenyekiti ni wangu.

Ndotoni niko karakana. Jua la saa sita limesimama juu ya bati na hakuna kitu chenye kivuli. Afande Kombo ameinamia meza, analehemu waya. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye kufagia akanifundisha kazi. Alikufa mpakani kwa bomu la ardhini, kifaa kipya kikiwa mkononi mwake, kimya. Jeneza lake nililibeba mimi. Lakini pale sikushangaa kumwona. Kilichonishangaza ni moshi wa lehemu: ulikuwa unashuka badala ya kupanda.

"Kuruta," akasema bila kugeuka, "nasikia siku hizi una kiti cha kuzunguka."

"Cha ngozi, Afande."

"Kinazunguka, lakini hakiendi popote."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nami nikacheka, na nilipomaliza kucheka tuko ukumbi wa kikao. Wajumbe wamekaa, nyuso zao sizioni vizuri. Chini ya kila kiti kuna buti moja. Moja tu, la kushoto. Zulia limekuwa udongo mwekundu, ule wa mpakani.

"Wasomee," Kombo anasema.

Nasoma kifungu cha tisa. Mdomo unakwenda, sauti haitoki. Wajumbe wananyoosha mikono yote kwa pamoja: kimepita. Wananipigia makofi, nayo hayasikiki.

Nageuka kumtafuta Afande, kuta hazipo. Ni uwanja mtupu, mwekundu mpaka macho yanapofika. Kifaa kiko mkononi mwangu, cheti kimefungwa kwa uzi. Nakipitisha juu ya ardhi, kinalia. Hatua nyingine, kinalia. Kinalia juu ya kila kokoto, maana udongo ule una chuma, na hilo nalijua tangu ujana wangu. Kelele zinaniingia kwenye meno. Basi nikafanya wanachofanya askari wote waliochoka: nikazungusha kitufe, nikapunguza usikivu wake. Kikanyamaza.

"Umekitengeneza," Kombo akauliza, "au umekinyamazisha?"

Nikaendelea kutembea.

Anatembea kando yangu, mzima, miguu miwili. Natazama nyuma. Nyayo zangu ni za miguu miwili. Zake ni za mguu mmoja, wa kushoto, zinafuatana mpaka pale tuliposimama.

"Sheria ya karakana yangu unaikumbuka?"

Naikumbuka. Fundi akiandika "kizima" kwenye kifaa, yeye ndiye wa kwanza kutembea nacho.

"Umeandika," akasema. "Tangulia."

Nikainua mguu wa kulia. Chini yake udongo ulikuwa umetuna kidogo, kama unga unaoumuka. Kifaa kimya.

Nikaamka. Kulishakucha, na mke wangu alikuwa amefungua pazia, ananitazama.

"Baba Rehema, huo mguu mbona uko hewani?"

Ulikuwa hewani kweli, umekufa ganzi, na nilikuwa siwezi kuushusha.

"Kifungu cha tisa nakwenda kukifuta," nikamwambia. Sauti ilikuwa imenirudia.

"Na huo unaibu uliowatangazia mpaka wakwe?"

"Apewe mwenye haraka. Nitafutie buti zangu za kazi. Leo kamati nzima itakwenda kwenye udongo mwekundu, na wa kwanza kutembea na kifaa ni mimi."

Akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akaushusha sakafuni polepole, kichwa kimeinama, kana kwamba naye alikuwa anasikiliza.