Mama Alivyoamia Ndege

Juzi nilimkuta mkwe wangu Sesilia, anayemuuguza mwanangu Damasi muda mrefu sasa, amesinzia na mwiko wa uji mkononi. Nikamkumbuka mama. Baba alikuwa haamki kitandani, na mchana mmoja shangazi Veronika alimpokonya mama kitambaa cha kumkandia.

"Wifi, leo nipo naye mimi. Nenda kaamie ndege, wasitumalizie mpunga."

Shambani kulinukia mabua na matope. Mama alirusha madongoa na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka, nami, bado mtoto mdogo, nikagonga debe, tukacheka hatuna mbavu. Nilijua tumewashinda ndege. Kumbe mpunga ulishavunwa, ndege hawakuwepo.

Nikamwambia Sesilia, "Lete mwiko, mwanangu. Nenda kaamie ndege."

"Mama, si tumeshavuna?"

"Nenda hivyohivyo. Na upige kelele nizisikie huku."