Ndani ya Kapteni Miba

Verna Kostecki alikuwa mwanamke wa maneno. Ukisimama naye kwenye foleni ya duka, kabla hujamfikia mlipishaji ameshakueleza habari za goti lake, za paka wake, na za jirani anayemwagilia nyasi huku mvua inanyesha. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kukaa kimya. Kwa miaka kumi na tisa, katika bustani moja ya michezo mjini Orlando, Verna alivaa mavazi ya wanyama wa katuni ili wageni wapige naye picha, na mnyama wa katuni anayetembea kwa miguu haongei. Watoto wameizoea sauti yake kwenye sinema. Ukiwatolea ya kwako, umemuua mbele yao.

Kilichompatia kazi ni ufupi. Pale mtu husimamishwa ukutani akapimwa kama mbao, na urefu wake ndio unaosema atakuwa nani. Verna alipimwa akawa Bwana Povu, fisi maji mnene mwenye kofia ya baharia, na akaishi humo miaka kumi na saba. Kisha uzee ukamfanyia kituko. Siku ya kupimwa upya wakakuta amepungua nusu inchi. Nusu inchi tu, jamani! Wakamvua ufisi maji, wakampa binti wa miaka ishirini na mbili, na Verna wakamtia ndani ya Kapteni Miba, nungunungu shujaa mwenye joho la buluu na miba ya sponji mgongoni.

Nje hakumwambia mtu, kwa kuwa kusema uko ndani ya nani ni mwiko. Na hata kama si mwiko, angemwambia nani? Mumewe Walt alifariki miaka sita nyuma, siku ya Halowini, ile sikukuu ya Oktoba ya watoto kuvaa mizimu na mashujaa. Mwana wao Brent alikuwa hospitali peke yake, akimpigia mama simu, na simu ya Verna ilikuwa imefungiwa kabatini kama simu zote za wafanyakazi wa pale. Verna alipovua kichwa cha fisi maji jioni ile alikuta amepigiwa mara kumi na moja. Alifika hospitali Walt ameshafunikwa. Brent alimzuia mlangoni.

"Ulikuwa unakumbatia watoto wa wenzio," alimwambia. "Basi endelea nao."

Tangu siku hiyo Brent hakupokea simu ya mama yake wala kujibu barua. Brent alipata mtoto, Verna akajua kwa kuonyeshwa picha na binamu. Jina Maisie.

Ungedhani aliacha kazi. Hakuacha. Kulikuwa na goti, na goti linataka bima ya matibabu, na bima ilitoka kwa fisi maji, kisha kwa nungunungu. Zaidi ya hapo, tuseme ukweli, ndani ya kile kichwa ndimo mahali pekee alipoweza kulia mchana kweupe bila mtu kumuuliza ana nini.

Sasa ilikuwa Oktoba, saa nane mchana, jua la Florida likiwa halina adabu. Halowini ni siku moja, lakini pale huliwa mwezi mzima, na watoto walikuja wamevaa: mashujaa wa misuli ya pamba, mabinti wa kifalme waliomwagikiwa aiskrimu, mizimu ya shuka ikilia inataka maji. Ndani ya Kapteni Miba jasho lilimshuka Verna hadi viatuni. Macho ya Miba ni plastiki tupu. Anayevaa huona kupitia mdomoni, penye wavu mweusi, na huona kipande kidogo tu cha dunia. Kilichobaki humwonea msindikizaji. Msindikizaji wake alikuwa Yolanda Prieto, mama wa makamo mwenye sauti ya kupanga foleni.

Verna aliisikia sauti ya Brent kabla ya kumwona.

"Lakini mimi nataka picha na fisi maji," mtoto alikuwa akilalamika.

"Kwa fisi maji hatuendi, Maisie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Humu ndani chagua yeyote, yule hapana."

"Basi Kapteni Miba!"

"Haya. Huyo sawa. Huyo hana neno."

Mwanawe alikuwa akimkwepa Bwana Povu, aliyesimama ng'ambo ya njia, hatua thelathini hivi, na kwa kumkwepa amekuja kusimama mbele ya mama yake. Hakujua habari za nusu inchi. Angejulia wapi?

Yolanda aliona joho linatikisika, akasogea. "Joto, shoga? Nikutoe?"

Kapteni Miba alitikisa kichwa: hapana.

Kwa nini hakuita jina lake pale pale? Watoto arobaini walikuwa kwenye foleni, na kazi ingeisha kabla ya saa tisa. Lakini si kazi iliyomfunga ulimi. Brent alikuwa amekimbia sauti hiyo hiyo kwa miaka sita, na Verna aliogopa kwamba akiisikia atageuka tena, safari hii akiwa na mtoto mkononi. Aliogopa sana, na bado alitaka kuita.

Maisie alifika mbio. Naye alikuwa amevaa nungunungu, wa kushonewa nyumbani, miba imelala upande mmoja. "Kapteni! Mimi ni wewe!" akapiga kelele, akajirusha kifuani.

Kukumbatia nako kuna sheria yake pale: mgeni ndiye anayeachia kwanza. Mhusika haachii hata mkono ufe ganzi, maana hujui mtoto huyo anahitaji kiasi gani. Maisie alihitaji kingi. Alinong'ona mambo yake, kwamba ana jino linacheza, kwamba joho lake ni pazia la bafuni, kwamba baba zamani alikuja hapa na mama yake, lakini ukimuuliza mama huyo yuko wapi anawasha redio. Bibi yake alimshika, akahesabu mbavu zake ndogo kwa mikono minene ya sponji asiyoweza kuhisi nayo kitu.

"Maisie, usimchoshe Kapteni," Brent alisema. Nywele zilikuwa zimemwota mvi juu ya masikio. Mtoto wake ana mvi! Alitabasamu kwa adabu kuitazama ile plastiki ya macho.

Kisha Maisie akatoa daftari la kukusanyia saini za wahusika, na Yolanda akamtia Kapteni kalamu nene kiganjani.

Kalamu! Kuandika si kuongea. Daftari hili litaenda nao nyumbani, litafunguliwa mezani, Brent atalisoma kwa wakati wake bila foleni nyuma yake. Maneno matatu yalitosha: Brent, ni mama. Aliinamisha kile kichwa kizito, akaweka kalamu kwenye karatasi, na mkono ukaandika.

Uliandika Kapteni Miba. Herufi M yenye miba mitano, mkia wa radi chini yake, sekunde mbili. Wanaomvaa Miba wako saba, na wote huandika saini moja isiyotofautiana hata nukta, kwa kuwa hufanyishwa mazoezi wiki mbili hadi kidole kijue chenyewe. Mwezi huo peke yake Verna alikuwa ameiandika maelfu ya mara. Mkono haukumngoja. Aliitazama ile radi akashindwa kuamini, akasogeza kalamu chini yake kuanza B, lakini Yolanda, naye kwa mazoea, alikuwa ameshalichukua daftari, amelifunga na kumrudishia mwenyewe.

"Ameniandikia!" Maisie alipiga kelele. "Baba, ona!"

"Sema asante."

Brent alimshika mtoto mkono, wakaondoka hatua mbili. Kisha akasimama. Alirudi kwa Yolanda, akakohoa.

"Samahani, dada. Yule fisi maji kule. Bado ni yule mama wa zamani? Mfupi, wa maneno mengi?"

Yolanda alijua kwamba Verna ana mwana waliyekosana, sura yake hakuijua. Alitabasamu tabasamu la kazini. "Yule ni Bwana Povu, kaka. Hakuna mwingine ndani yake."

"Najua mnavyosema. Nimekulia humu." Brent alijikuna shingo. "Ni yeye lakini?"

"Ni yeye kabisa, Bwana Povu mwenyewe! Yuko kila siku, anapenda sana wageni."

Verna alifungua mdomo. Alivuta pumzi ya kusema, na wakati huo huo kitu kikamgonga mapajani karibu aanguke. Kitoto kingine kilikuwa kimemvaa, shujaa wa misuli ya pamba, miaka minne, kikilia kwikwi kwa furaha. Kilifunga mikono nyuma ya magoti yake, kikabana uso kwenye joho. Mama yake alikuwa ameshainua simu. "Ni siku yake ya kuzaliwa!" alimwambia Yolanda. "Amengoja mwaka mzima! Mwaka mzima, nakwambia!"

"Brent," Verna alisema. Ilitoka sauti ya mtu aliyekaa na kiu, ikaishia kwenye sponji na feni ndogo ya kichwani. Yolanda peke yake aligeuka, macho yamemtoka, akamwekea mkono begani kumnyamazisha.

Kupitia wavu aliwaona wakivuka njia. Aliona Brent akisita pale kamba ya foleni inapoanza, akiinama kumweleza Maisie jambo, na Maisie akirukaruka. Walisimama mwisho wa foleni ya fisi maji. Haikuwa ndefu. Kitoto cha siku ya kuzaliwa kilikuwa bado kimemshika miguu, mama yake akitaka picha moja zaidi, halafu moja ya mwisho, halafu hii ya babu.

Zamu ya Brent ilifika. Maisie alipigwa picha, akasogea pembeni. Brent alivua kofia yake. Alimsogelea Bwana Povu sikioni akasema maneno, na hayakuwa machache. Verna alimjua mwanawe kwa mabega, tangu utotoni alikuwa akilia kwa mabega. Yule binti wa miaka ishirini na mbili alisikiliza, akatikisa kile kichwa kikubwa polepole, ndiyo, ndiyo, kama anavyowafanyia wote. Kisha akafungua mikono. Brent akaingia humo, akajificha uso kwenye manyoya, na fisi maji, kama alivyofundishwa, hakuachia.